Mkopo wa nyumba Afrika Mashariki: Deni la miaka 20 lisilovuka mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ilifungua njia kwa mhasibu wa Arusha kuajiriwa Nairobi, mwalimu wa Kampala kufundisha Kigali na mfanyabiashara wa Bujumbura kufungua duka Kigoma. Lakini kitu ambacho kila mmoja wao atakihitaji akishahamia, yaani nyumba, kiliachwa mikononi mwa kila nchi. Kifungu cha 15 cha itifaki hiyo kinasema upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo utaongozwa na sera na sheria za nchi wanachama.

Kwa kijana anayeanza kazi leo katika miji ya ukanda huu, njia za kupata makazi ni tatu: kuendelea kupanga, kujenga kidogo kidogo kwa mshahara, au kukopa benki na kulipa kwa miaka 15 hadi 20. Wengi huchagua ya pili. Ushahidi uko pembezoni mwa Dar es Salaam, Kitengela nje ya Nairobi na Wakiso jirani na Kampala: misingi iliyoota nyasi, kuta ambazo hazijapauliwa, na nondo zilizotokeza juu ya nguzo zikisubiri fedha nyingine. Katika muda wote huo mwenye nyumba bado analipa kodi ya pango kwingine, na fedha zake zimelala kwenye matofali.

Wakopaji ni wachache

Kenya ndiyo yenye soko kubwa la mikopo ya nyumba miongoni mwa majirani wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, takwimu za Benki Kuu ya nchi hiyo zilionyesha kuwa mwishoni mwa 2023 kulikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu, katika taifa ambalo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Nchini Tanzania, deni lote la mikopo ya nyumba halifiki asilimia 1 ya pato la taifa.

Sababu ya kwanza ni aina ya fedha zilizopo benki. Amana nyingi ni za muda mfupi. Mteja anaweza kuzichukua kesho, wakati mkopo wa nyumba unarudi polepole kwa miaka mingi. Benki inayokopesha kwa miaka 20 kwa kutumia amana za miezi mitatu inajiweka hatarini, hivyo hufupisha muda, hupandisha riba au huacha kabisa biashara hiyo.

Ili kuziba pengo hilo, Tanzania ilianzisha kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, TMRC, mwaka 2010, miaka miwili baada ya kupitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba. Kenya ilifuata kwa kuunda KMRC, iliyosajiliwa 2018. Kampuni hiyo ya Kenya ilianza kwa kuzikopesha benki na Sacco kwa riba ya asilimia 5, kwa sharti kwamba mwananchi naye apate mkopo kwa riba isiyofika asilimia 10. Mpango huo ulilenga wenye kipato kisichozidi Sh150,000 za Kenya kwa mwezi. Rwanda nayo, kupitia Benki ya Maendeleo BRD, ina mpango wa Gira Iwawe uliobuniwa kwa wenye kipato cha chini na cha kati.

Hesabu ya riba

Umuhimu wa mipango hiyo unaonekana mtu akishika kalamu. Chukua mkopo wa Sh3 milioni za Kenya kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 9, mkopaji atalipa karibu Sh27,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 15, atalipa karibu Sh39,500. Mwisho wa safari, wa kwanza atakuwa amelipa jumla ya takriban Sh6.5 milioni na wa pili Sh9.5 milioni. Nyumba ni ileile, lakini tofauti yao ni Sh3 milioni, sawa na mkopo wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wakopaji wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Katika mfano huo wa asilimia 15, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni Sh37,500. Maana yake ni kwamba katika Sh39,500 alizolipa, Sh2,000 tu ndizo zilizopunguza deni. Mtu anayelipa miaka mitatu kisha akaulizia salio hushangaa kulikuta karibu pale pale. Ndiyo sababu kila shilingi ya ziada inayolipwa katika miaka ya mwanzo ina nguvu kuliko ile ya miaka ya mwisho, mradi mkataba hautozi faini kwa anayelipa kabla ya wakati.

Aidha, mikopo mingi ina riba inayopanda na kushuka. Mapema 2022, riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 ilikuwa imefika asilimia 13. Aliyepanga matumizi ya kaya yake kwa kufuata riba ya mwaka aliokopa alijikuta akidaiwa zaidi bila kuongezewa mshahara. Anayesaini mkataba anapaswa kuuliza mapema: riba hii ikipanda kwa asilimia 3, je, chakula na ada za shule zitabaki?

Kuna pia gharama za mlangoni. Nyumba ya Sh4 milioni mjini Nairobi, benki ikitaka malipo ya awali ya asilimia 10, inamtaka mnunuzi awe na Sh400,000 taslimu. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4, yaani Sh160,000 nyingine, isipokuwa kwa waliosamehewa. Hapo hajamlipa wakili, mthamini wala kampuni ya bima. Wengi hukopa Sacco kulipia gharama hizo, na hivyo kuingia kwenye nyumba wakiwa na madeni mawili kwa pamoja.

Hati ndiyo mlango

Kikwazo cha pili ni karatasi. Benki haikopeshi kwa kuangalia uzuri wa jengo, bali hati inayoweza kuandikishwa rehani.

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na raia hupewa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Katika maeneo yasiyopimwa, wengi wana leseni ya makazi ya muda mfupi, au karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inaweza kumlinda mtu dhidi ya jirani mkorofi, lakini haimfikishi mbali mbele ya ofisa mikopo.

Nchini Uganda, hasa eneo la Buganda, kuna ardhi ya mailo, ambako hati inaweza kuwa ya mtu mmoja na kibanja kikawa cha mwingine anayetambuliwa na sheria. Mnunuzi asiyeuliza vizuri anaweza kulipa kwa mwenye hati, kisha akakuta familia nzima ndani yenye haki ya kubaki. Rwanda imetangulia hapo: katika mpango wake wa usajili ulioanza 2009, zaidi ya viwanja na mashamba milioni 10 viliandikishwa ndani ya miaka michache.

Jambo moja linafanana Kenya, Uganda na Tanzania. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke. Sheria hiyo imeokoa familia nyingi, na mkopaji anayemficha mwenzake anajitengenezea kesi.

Raia wa Jumuiya, mgeni wa ardhi

Hapo ndipo ndoto ya utangamano inapogonga ukuta. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba wa upangaji usiozidi miaka 99. Uganda ina kikomo hicho hicho. Tanzania humpa asiye raia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haki ya ardhi ya kudumu ni ya Wakongomani. Kwa sheria hizi, Mrundi aliyeishi Dar es Salaam miaka 15 akilipa kodi zote anahesabika sawa na mtu aliyetua jana kutoka bara jingine.

Baadhi hupita njia ya mkato kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au mchumba mwenyeji. Siku wanapokosana, mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye nyumba, na aliyetoa fedha hana pa kushika.

Vilevile, sifa njema ya mkopaji haivuki mpaka kwa urahisi. Taarifa za mikopo hukusanywa nchi kwa nchi, na aliyelipa madeni yake Kampala kwa miaka 10 bila kukosa huanza upya akifika kwenye dirisha la benki Dodoma. Aliyekopa nyumbani Kigali kisha akahamia kazi Nairobi anapokea shilingi na kudaiwa faranga, huku thamani ya fedha ikibadilika kila wiki. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Novemba 30, 2013 ikilenga sarafu moja mwaka 2024. Mwaka huo umepita.

Mambo yakiharibika

Kazi inaweza kuisha, na ugonjwa haubishi hodi. Anayeshindwa kulipa ana muda wa kisheria kabla ya mnada, lakini muda huo unatofautiana. Tanzania, notisi ya kushindwa kulipa ni siku 60. Kenya, mkopaji hupewa angalau miezi mitatu kulipa malimbikizo, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Uganda ni siku 45 za kazi, halafu siku 21 za kazi.

Kosa la wengi ni kutumia siku hizo kujificha na kuzima simu. Ni wakati ambao benki bado inaweza kukubali kurefusha muda wa mkopo, au kumwachia mkopaji atafute mnunuzi mwenyewe. Bei ya nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa utulivu si bei ya nyumba inayonadiwa.

Ufunguo si mwisho

Anayefanikiwa kuhamia hugundua kuwa alizoea kumpigia mwenye nyumba simu bomba likipasuka. Sasa mwenye nyumba ni yeye. Katika ukanda huu adui wa kwanza ni maji. Mabati yanapaswa kukaguliwa na mifereji ya paa kuzibuliwa kabla ya mvua za masika na za vuli. Ufa mdogo ukutani uwekewe alama na tarehe ili ijulikane kama unaongezeka. Mchwa huingia kimyakimya kwenye mbao za paa na fremu za milango, na mtu huwajua fremu inapobonyea kwa kidole. Chemba ya maji taka inyonywe kabla haijafurika.

Kodi nazo zinatofautiana. Tangu Agosti 2021, Tanzania hukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, jambo lililozua mabishano kati ya wapangaji na wenye nyumba. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kivyake. Kenya, ada za ardhi hulipwa kwa kaunti, na anayezilimbikiza hukwama siku ya kuuza.

Kwa wa ghorofa kuna ada ya huduma ya kila mwezi inayolipia mlinzi, taa za ngazi, pampu ya maji na lifti. Majirani wachache wakigoma kulipa, pampu hufa na wote huteka maji kwa ndoo. Kabla ya kununua, ni vyema kuuliza ni wangapi wanalipa na kama chama cha wamiliki kina akiba ya matengenezo makubwa.

Kabla ya kusaini

Njia rahisi ya kujipima ni kuishi kwanza kama mkopaji. Kama pango ni Sh15,000 na rejesho litakuwa Sh27,000, weka Sh12,000 za tofauti kwenye akiba kila mwezi kwa mwaka mzima. Anayeweza bila kukopa kwa marafiki yuko tayari, na mwisho wa mwaka atakuwa na Sh144,000 za malipo ya awali. Anayeshindwa amejua mapema, bila mnada.

Baada ya hapo afanye upekuzi rasmi wa hati kwa msajili badala ya kumwamini dalali, atembelee nyumba siku ya mvua, asome bima ya mkopo inalipa nini mkopaji akifariki au akipoteza kazi, na abaki na akiba ya angalau miezi mitatu ya marejesho.

Kwa anayefikiria kuvuka mpaka kikazi, swali la kwanza kwa benki ni kama mkopo utaendelea akilipwa mshahara nje ya nchi, na kama nyumba inaweza kupangishwa bila kuvunja mkataba. Jibu alipate kwa maandishi kabla ya kufunga mizigo.