Tujifunze Kuyajua Maji ya Kasi

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Wananchi wa Haydom, ambao mito yao mingi ni makorongo makavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, huenda wakadhani kuwa usemi huo ni wa watu wa pwani na wa maziwa makuu tu. Sivyo. Korongo ambalo watoto hulivuka asubuhi kwa miguu mikavu wakienda shuleni, laweza jioni kujaa maji mazito yenye rangi ya udongo, yanayobeba magogo na mawe, hata pale ambapo kijijini hakujadondoka tone la mvua, kwa kuwa mvua imenyesha mbali, huko milimani. Ndiyo sababu leo tunapenda kuuzungumzia mchezo ambao kwa mtazamo wa kwanza hautuhusu: mchezo wa kuteremka kwa kayaki katika mito yenye maji ya kasi.

Kayaki ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, ambao mpigaji kafi hukaa ndani yake peke yake, akiwa amezibwa kiunoni ili maji yasiingie. Kafi lake lina mabapa mawili, moja kila ncha. Chombo hiki hakikubuniwa na matajiri kwa ajili ya anasa. Ni kazi ya mikono ya Wainuiti, wawindaji wa nchi za barafu za kaskazini, waliokitengeneza kwa ngozi za wanyama wa baharini ili wapate chakula. Wao pia ndio waliobuni ufundi wa kukirudisha chombo juu kinapopinduka, bila ya mtu kutoka ndani, kwa kuwa katika maji baridi kama yale, aliyetoka alikuwa amekwisha. Wachezaji wa leo wameupanga ugumu wa mito katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni maji mepesi ya kujifunzia. La sita ni maji ambayo hata bingwa hujiuliza mara mbili kabla ya kuyaingia.

Katika Afrika Mashariki, mahali penye sifa kubwa kwa mchezo huu ni Jinja, nchini Uganda, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Tangu mwaka 1996 watalii wamekuwa wakilipa fedha nyingi ili wateremshwe katika maji hayo kwa mashua za mpira, huku waokoaji wakienda kandoni mwao kwa kayaki. Lakini ipo habari nyingine ya Jinja ambayo yatupasa tuitafakari zaidi. Katika maporomoko ya Bujagali, kabla hayajafunikwa na bwawa, walikuwako vijana walioshuka mahali pale pale wakiwa wamekumbatia dumu tupu la plastiki, ili watazamaji wawape chochote. Mto ulikuwa mmoja, na ushujaa ulikuwa mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja alishuka akiwa na kofia ngumu, jaketi la kuokolea maisha, mafunzo na mwenziwe wa kumwokoa. Na mwingine alishuka na dumu.

Inafurahisha kusema kwamba mambo hayakuishia hapo. Vijana wa vijiji vya kando ya mto walijifunza kazi hiyo, na leo wako Waganda wanaoongoza mashua, wanaookoa watu, na wanaofundisha kayaki. Anayesema kwamba huu ni mchezo wa wageni na aende Jinja akaone. Elimu haina rangi wala kabila. Ni ya yule anayeitafuta.

Na elimu yenyewe ni ipi? Ni kuyasoma maji kama mtu asomavyo kitabu. Mpigaji kafi aliyefunzwa haingii katika maji asiyoyajua kabla ya kushuka ukingoni na kuyatazama kwa miguu yake. Anajua kwamba nyuma ya mwamba mkubwa huwa pana maji tulivu ya kupumzikia. Anajua kwamba chini ya ukuta wa maporomoko maji hurudi nyuma na kuzunguka, na kwamba mzunguko huo humshika mtu na kumrudisha tena na tena. Anajua kwamba mti ulioanguka mtoni huyapitisha maji lakini humnasa binadamu. Na akitupwa nje ya chombo, hajaribu kusimama, maana mguu ukibanwa kati ya mawe, maji humlaza kifudifudi. Hulala chali, miguu ikitangulia kule maji yaendako, akajisogeza kidogo kidogo hadi ukingoni.

Pamoja na hayo, elimu haimfanyi mtu kuwa bwana wa mto. Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini aliyefanya maskani yake Jinja, aliongoza safari ya kuteremka Mto Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania mwaka 2004. Ni wachache waliomzidi kwa ujuzi. Hata hivyo, Desemba 2010, akiwa na wenzake wawili Wamarekani katika Mto Lukuga, ule unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuyapeleka Mto Kongo, alichukuliwa na mamba. Mjuzi ni yule anayezidi kuogopa kadiri anavyozidi kujua.

Mto wa Jinja nao umebadilika. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyazamisha maporomoko ya Ripon. Bujagali, lenye megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012. Na Isimba, lenye megawati 183, likafuata mwaka 2019. Kila bwawa lilifunika sehemu ya maji ya kasi. Sisi si wapinzani wa umeme, maana hospitali na mashine za kusaga haziendeshwi kwa mandhari. Twasema tu kwamba anayepanga maendeleo hana budi kukihesabu pia kile kinachozama, na kuwauliza wale waliokitegemea. Maporomoko yamezama, lakini maarifa yaliyomo vichwani mwa vijana wale hayakuzama, nao wanaendelea na kazi katika sehemu za mto zilizosalia.

Sasa tugeukie nyumbani. Hapana anayetazamia kwamba watalii watakuja kupiga kafi katika makorongo ya Mbulu. Lakini maji yetu yanaua bila ya utalii. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, matope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Hakuna ufundi wa kafi ambao ungelizuia tope lile. Lakini vifo vya mmoja mmoja, vya mtoto anayevuka korongo au dereva anayeharakisha gulio, vyaweza kuzuiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, na wengi wao walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Kila mwananchi na ayajue haya. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yasiyofika hata nusu ya goti, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuielea gari ndogo. Sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale makubwa ambayo wenyewe huyasifu kuwa hayashindwi na njia. Kwa hiyo dereva wa Dongobesh au wa Katesh anayewaambia abiria wake kwamba anaijua barabara, aulizwe kama anayajua na maji yaliyo juu yake.

Tunatoa mwito kwa serikali za vijiji ziweke alama za kina na kamba imara katika vivuko vinavyojulikana kuwa vya hatari, kabla ya mvua za Novemba. Hili halihitaji mfadhili. Lahitaji nguzo, rangi na mkutano mmoja wa kijiji. Walimu nao wawafundishe watoto kwamba korongo likijaa husubiriwa, na kwamba mtoto aliyechelewa shule kwa sababu ya maji asichapwe. Na vijana wanaopenda michezo wafunzwe kuogelea na kurusha kamba ya kuokolea.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kutoa huduma mwaka 1955, imewapokea wagonjwa kutoka kila upande wa nchi hii. Lakini aliyechukuliwa na korongo hafiki hospitali. Dawa yake ni maarifa, nayo sharti itolewe mapema, wakati korongo lingali kavu.