Kiwanja Kitupu Hakina Mita: Ardhi, Nyumba na Kodi Ilemela

Manispaa ya Ilemela ilizaliwa mwaka 2012, Jiji la Mwanza lilipogawanywa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 343,001 katika eneo lake; ya 2022 ikahesabu 509,687. Wengi wa walioongezeka walijipatia makazi bila kusubiri ramani. Kwenye vilima vya mawe vya Kirumba, Kitangiri na Ibungilo nyumba zimepanda hadi pasipofika gari, na mgonjwa hushushwa kwa kubebwa. Huku Buswelu, Kiseke na Nyamhongolo, ambako ardhi imepimwa, bado kuna viwanja vyenye bikoni na hati ambavyo havijachimbwa hata msingi.

Hali hiyo haikutokea kwa kukosa sera. Mwanza ilikuwa pamoja na Dar es Salaam na Mbeya katika awamu ya kwanza ya mradi wa viwanja vyenye huduma, ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilikuwa imeachana na kubomoa makazi duni. Wazo jipya lilikuwa kwamba dola ipime, ilete maji na barabara, kisha mwananchi ajenge mwenyewe. Wazo hilo ndilo linaloongoza hadi leo. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, na mifuko ya hifadhi ya jamii, kama PPF iliyojenga Kiseke, vimetoa nyumba chache tu zikilinganishwa na zile ambazo wananchi wamejijengea.

Kwa hiyo kiwanda halisi cha nyumba ni upatikanaji wa viwanja, na kiwanda hicho ni cha polepole. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mchoro wa eneo huandaliwa na kuidhinishwa kabla ya upimaji. Ardhi ikiwa na wenyewe, nao hulipwa fidia. Tangu Sheria ya Ardhi ya 1999, fidia hiyo inahusu thamani ya ardhi yenyewe pamoja na miembe na nyumba iliyo juu yake. Ni haki, lakini ni gharama, na halmashauri huirudisha kwa kuiweka katika bei ya kiwanja. Mwenye fedha taslimu hununua viwanja viwili au vitatu. Mpangaji wa chumba kimoja Nyamanoro huenda kwa mwenye shamba pembezoni, akakatiwa kipande kisichopimwa. Ndipo urasimishaji wa makazi hayo unapofuata baadaye, ukipima vichochoro vilivyokwisha kuzibwa na kuta.

Sheria haikumsahau anayehodhi. Ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati hupewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99, kwa masharti. Sharti la kawaida ni kujenga ndani ya miezi 36. Akilikiuka, milki inaweza kufutwa, ila baada ya ilani, muda wa kujieleza na uamuzi unaopanda hadi kwa Rais. Ni rungu zito mno kwa kosa la kuacha nyasi ziote, na ofisi ya ardhi ya manispaa haiwezi kuliinua kwa kila kiwanja.

Kodi ingeweza kufanya kazi hiyo kwa utulivu zaidi, lakini imeelekezwa kwingine. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, hukatwa kupitia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, mtu anaponunua umeme. Mwaka 2023 ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Njia hii ni rahisi kukusanya, na kiwanja kitupu kinapita katikati ya nyavu zake, maana hakina mita. Kinachobaki kwake ni kodi ya pango la ardhi, inayotozwa kwa mwaka kulingana na ukubwa, matumizi na mahali, iwe pamejengwa au la. Tena kusubiri kunalipa: barabara ya lami ya Sabasaba hadi Buswelu ilipokamilika, bei za viwanja vya kando yake hazikuhitaji jasho la wenye viwanja ili zipande.

Nairobi ilifuata njia nyingine: kwa miongo mingi ilitoza thamani ya ardhi tupu bila kujali jengo. Kimsingi huo ndio utozaji unaomsukuma mwenye kiwanja kujenga au kuuza. Lakini orodha ya thamani ya 1982 iliendelea kutumika kwa karibu miaka 40, na makali yakaisha. Kodi ya namna hiyo inaishi kwa uthamini wa mara kwa mara, na Ilemela ingehitaji wathamini na kumbukumbu za umiliki zinazoaminika.

Lipo pia swali la nani angeumia. Si kila kiwanja kitupu ni cha mlanguzi. Mikopo ya nyumba nchini ni midogo mno, hivyo mwalimu hununua kiwanja leo, akaleta tripu ya mchanga mwakani na tofali baada ya mavuno. Kiwanja ndicho benki yake. Kodi inayopanda kadiri miaka ya utupu inavyozidi, na inayoanzia kiwanja cha pili badala ya cha kwanza, ingemgusa mwenye akiba ya ziada bila kumfukuza mwalimu huyo.