Waya Moyoni mwa Ng'ombe: Sauti Isiyotibika kwa Sindano ya Kubahatisha

Mvumo wa moyo ni sauti ya ziada inayofuatana na mapigo ya kawaida, pale damu inapopita kwa msukosuko badala ya kutiririka kwa utulivu. Kwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani mjini Babati, sauti isiyo ya kawaida kifuani inaweza kutokana na vali yenye kasoro, damu iliyopungua kwa ugonjwa wa kupe, au chanzo ambacho wafugaji wachache hukifikiria: kipande cha waya au msumari uliomezwa pamoja na majani.

Ng'ombe hali kama mbuzi. Mbuzi huchagua jani kwa midomo. Ng'ombe huzungusha ulimi, hukusanya fungu zima, hulitafuna kidogo na kulimeza, kwa kuwa atalicheua baadaye. Waya wa kufungia nondo uliojificha ndani ya mabua ya mahindi au maganda ya mbaazi hupita bila kuhisiwa. Uzito wake huupeleka kwenye retikulamu, tumbo la pili, ambalo ukuta wake wa ndani una vyumba vidogo kama sega la nyuki. Vyumba hivyo huunasa. Tumbo hilo hujikunja takriban mara moja kila dakika, mchana na usiku, na kila linapojikunja huisukuma ncha dhidi ya ukuta. Mbele ya ukuta huo kuna kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mbele ya kiwambo upo moyo. Umbali wote ni wa sentimita chache. Waya wenye urefu wa kidole unatosha kuuvuka.

Mimba huharakisha safari hiyo. Mfuko wa uzazi unapokua husukuma matumbo mbele, na nguvu za kuzaa huongeza msukumo. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kukaa na msumari tumboni kwa miezi akiwa na afya, kisha akaanguka ghafla karibu na siku ya kuzaa.

Ncha ya waya huingia na bakteria wa tumboni, na mfuko unaouzunguka moyo huanza kutunga usaha. Sauti hubadilika kwa hatua. Kwanza husikika mkwaruzo, kama vipande viwili vya ngozi kavu vikisuguana. Usaha na gesi vikijaa, husikika mchapo wa maji yanayotikiswa ndani ya dumu lililojaa nusu. Mwishoni mapigo husikika kwa mbali, yamefifia, ingawa moyo unakimbia kupita mapigo 100 kwa dakika, wakati ng'ombe mzima huwa na 60 hadi 80. Kwa usahihi, mkwaruzo na mchapo huo si mvumo wa vali, kwani hutoka kwenye mfuko wa moyo. Tofauti hiyo ndiyo humwelekeza daktari.

Moyo uliobanwa na usaha haujai damu. Damu hurudi nyuma: mshipa wa shingo husimama kama kamba, kisha kidari na sehemu ya chini ya taya huvimba maji. Kabla ya hapo, ng'ombe husimama amepinda mgongo na viwiko vimetanuka, husita kuteremka mteremko na huguna anapoinuka. Maziwa hushuka ghafla.

Uvimbe huo wa kidari ndio uliozaa imani nyingi. Husemwa ng'ombe amepigwa jicho baya. Hajapigwa: ana usaha kifuani. Husemwa pia kidari kichomwe moto au kitobolewe maji yatoke. Kumchoma ni kumwongezea mateso, na kutoboa ngozi hakugusi usaha ulio ndani ya mfuko wa moyo. Wengine huona jina la ugonjwa wa maji moyo na kudhani ndio huu. Ule huenezwa na kupe, na mara nyingi dalili zake kuu ni za ubongo, kama kutetemeka na kuzunguka. Ndigana baridi nayo huharibu chembe nyekundu, damu ikawa nyepesi na moyo ukatoa mvumo laini, lakini mvumo huo huisha mnyama akipona.

Magonjwa haya hayatofautishwi kwa kutazama kwa mbali. Hapo ndipo vishoka, yaani wanaojifanya wataalamu wa mifugo, wanapoua ng'ombe wa watu. Hufika na sindano mkobani, husema “ni ndigana”, huchoma antibiotiki ya OTC (oksitetrasaiklini) na kuondoka na fedha, bila hata kupima joto. Sindano hiyo haiondoi waya. Humpotezea mfugaji siku ambazo matibabu yangewezekana, na huacha dawa kwenye maziwa na nyama.

Mtaalamu anayefaa hujulikana kwa anachofanya kabla ya kufungua dawa. Husimama ubavuni kushoto, husukuma mguu wa mbele na kuweka stetoskopu nyuma ya kiwiko, akisikiliza kwa dakika nzima. Kisha husikiliza na kulia. Hubana ngozi ya nundu: ng'ombe mzima hushusha mgongo, mwenye maumivu hukataa. Hupima joto, hukagua tezi, na huchukua damu pale ndigana inaposhukiwa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Veterinari Tanzania, linalosajili madaktari wa mifugo na kuwaorodhesha wasaidizi wao. Mfugaji ana haki ya kuuliza usajili, na ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Mji ndiyo mahali pa kuanzia.

Waya ukigunduliwa kabla haujafika moyoni, ng'ombe anaweza kupona kwa dawa, kupunguziwa mwendo, kunyweshwa sumaku inayobaki tumboni, au kupasuliwa. Mfuko wa moyo ukishajaa usaha, matumaini ni madogo. Daktari ataamua kuhusu kuchinjwa, na nyama ikaguliwe.

Kinga ni kukusanya misumari baada ya ujenzi, kukata kamba za waya mbali na hori, na kupitisha sumaku kwenye malisho. Waya ukikutwa kwa ng'ombe mmoja, banda lote lisakwe siku hiyohiyo, kwa sababu wenzake wamekula kutoka hori lilelile.