Je, Wajua? Ndoa za Ng'ambo, Toka Unyanyembe hadi Isikizya

Je, wajua kwamba njia ya misafara ilikuwa pia njia ya posa? Muhammad bin Juma, mfanyabiashara wa Kiarabu, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, eneo la Tabora. Tippu Tip, mwanawe kwa mke mwingine, alisimulia jinsi ndoa hiyo ilivyompa baba yake heshima kubwa Tabora. Ukwe ndio uliokuwa hati yake.

Siku hizi hati ni karatasi. Anayetaka ndoa ya bomani pale Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, hutoa taarifa siku 21 kabla, nayo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo ni ya Bara tu. Zanzibar ina sheria zake.

Na wanaokwenda kufungia nje? Sheria hiyo hiyo huitambua ndoa yao iwapo ilifuata taratibu za nchi ilikofungwa, wote wawili waliruhusiwa kisheria kuoana, na kila mmoja aliridhia kwa hiari yake. Hiyo hiari naiweka mbele ya karatasi zote.

Ila kila nchi ina masharti yake. Uingereza hudai taarifa ya siku 28, na mgeni anayekwenda kuoa tu huhitaji viza ya kazi hiyo. Ufaransa, ndoa ya kanisani au msikitini peke yake haihesabiki; lazima kwanza mpite kwa meya. Nchi nyingi hudai pia uthibitisho kwamba huna ndoa nyingine. Kwa Bara, uulizie RITA, wakala wa serikali wa usajili, tena mapema, kabla ya kulipia ukumbi na tiketi. Angalia pia jina lako: cheti cha kuzaliwa na pasipoti vilingane herufi kwa herufi.

Mahari je? Wazee wa Kinyamwezi wana haki ya kuidai kimila, lakini kisheria ndoa haibatiliki kwa sababu haikulipwa.

La Oman ndilo lililonigusa zaidi. Tangu 1993, Mwomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni alihitaji kwanza kibali cha serikali, na wapo Tabora wenye ndugu Muscat. Sharti hilo liliondolewa kwa amri ya Sultani mwaka 2023. Kwa miaka 30, Mwomani alisubiri serikali imruhusu kumposa binti wa Unyanyembe, kama alivyofanya Muhammad bin Juma kwa ridhaa ya mtemi.