Kliniki ya Wajawazito na Kipimo Kinachosahaulika

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulibainisha kuwa asilimia 98 ya wanawake waliojifungua walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito angalau mara moja. Ni nadra kupata huduma nyingine ya afya inayowakusanya wanawake wengi kiasi hicho. Mja mzito hupimwa damu, mkojo, shinikizo la damu na virusi vya UKIMWI, naye aghalabu hukubali kwa kuwa ni kwa faida ya mwanawe. Saratani ya mlango wa kizazi, iliyokadiriwa kuua wanawake wapatao 3,200 nchini mwaka 2020, mara nyingi haitajwi. Ajabu ni kwamba mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye hugunduliwa papo hapo klinikini, huweza kupatwa na saratani hii mara 6 zaidi ya asiye navyo.

Maradhi haya hutokana na virusi vya papiloma vinavyodumu mwilini, nayo huchukua miaka mingi, hata 15 au 20, kukomaa. Muda huo watosha kabisa kuyagundua mabadiliko ya awali na kuyatibu. Mhudumu hupaka maji ya siki (ndugu ya siki ya jikoni) kwenye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja hivi. Palipo na hitilafu hugeuka peupe.

Wajawazito wengi huhofia kwamba kupimwa kutaharibu mimba. Kipimo cha kukwangua seli hakiharibu mimba, ingawa huweza kuleta matone machache ya damu. Hata hivyo, mimba huubadilisha mlango wa kizazi na kuyafanya matokeo ya siki kuwa magumu kusoma. Ndiyo maana wahudumu wengi huahirisha hadi majuma 6 baada ya kujifungua.

Lugha nayo ina lawama yake. “Mlango wa kizazi”, “shingo ya kizazi” na “njia ya uzazi” hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, na aambiwaye “kansa ya kizazi” huenda akadhani anaambiwa hatazaa tena.

Majuma 6 yakitimia, mama hurudi. Mtoto hupimwa uzito na kudungwa sindano ya chanjo pajani, kisha wote wawili hushika njia ya nyumbani, mama akiwa hajaulizwa lolote.