Karanga na asali ya nyuki kwa watoto wetu

Siku ya Yenga watoto wakitoka masomo, wengi wananunua karanga za sukari njiani. Nyumbani tunafanya utamu mwingine pamoja nao.

Tunakaanga vikombe 2 vya karanga bila mafuta, tunapepeta maganda, tunatwanga. Tunatia chumvi kidogo na asali mpaka zishikamane. Watoto wananawa mikono, wanaviringa vidonge wenyewe, na kulamba vidole, bila shaka! Sukari ya kuyeyusha motoni hatutumii: inanata kwenye ngozi na kuunguza vibaya.

Tutwange hadi ziwe laini, maana karanga nzima inaweza kumpalia mtoto mdogo na kuziba pumzi. Asali tusimpe asiyetimiza mwaka 1. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake. Huyo tumpondee ndizi mbivu.