Tundu la Juu

Sanduku la betri hufungwa kwa sababu tunazozijua sote: watoto, panya, wezi. Shida ni kwamba betri za maji hutoa gesi, tena huitoa kwa wingi saa ambazo mwenye nyumba hana wasiwasi wowote, mchana jua likiwa kali na betri zikikaribia kujaa.

Saa hizo umeme wa ziada hauna pa kukaa. Huyatenganisha maji yaliyomo kwenye tindikali yakawa haidrojeni na oksijeni. Ndiyo sababu betri hizi huongezwa maji kila baada ya muda.

Tupige hesabu. Betri nne za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo zina seli 24. Seli ikishajaa, kila ampea inayoendelea kuingia hutoa lita 0.42 hivi za haidrojeni kwa saa. Zikiingia ampea 5, kwa seli zote 24 ni lita 50 kwa saa. Sanduku lisilo na tundu, lenye lita 500 za hewa, litafikia asilimia 4 ya haidrojeni kabla nusu saa haijaisha. Kuanzia kiwango hicho gesi huweza kuwaka, na cheche ya spana iliyogusa terminali mbili inatosha kabisa.

Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa kama mara 14, kwa hiyo hupanda na kujikusanya chini ya kifuniko. Tundu la katikati ya ubavu, ambalo mafundi wengi hulipenda kwa kuwa ni rahisi kulitoboa, huiacha palepale. Hewa safi iingie chini, gesi itoke upande wa pili, mahali pa juu kuliko pote, na bomba lake lipande hadi nje bila kushuka popote. Kwa kanuni za Ulaya, betri zetu zinahitaji mita za ujazo 6 za hewa kwa saa. Bila feni, kila tundu liwe na sentimita 13 kwa 13. Wavu wa wadudu hula sehemu ya nafasi hiyo, basi ongeza. Kagua pia kama nyigu wameliziba.

Inveta isifungwe juu ya sanduku, wala ndani yake. Swichi zake hutoa cheche. Anayetaka feni aiweke chini, isukume hewa safi ndani, gesi isipitie kwenye mota.

Betri kavu za risasi hutoa gesi kidogo sana, lakini zikichajiwa kupita kiasi vali zake hufunguka, hivyo nazo zinahitaji matundu. Za lithiamu hazitoi gesi zikiwa nzima. Hizo adui yake ni joto.